Tiketi ya dola 300, mshahara wa dola 20: hela ya mlimani inakwenda wapi?

"Mtaalamu, shikamoo. Naishi Aurora, Colorado, na wanangu wawili. Tulitokea Uvira, tukapitia kambi ya Nyarugusu, na huku tunamaliza mwaka wa sita. Mkubwa yuko darasa la nne, na darasani kwao habari ni ski tu, ule mchezo wa kuteleza kwenye theluji. Nikaangalia bei ya mlima wa Vail kwa siku moja ya sikukuu: zaidi ya dola 300 kwa mtu mzima! Hapo bado viatu, bado mwalimu. Wiki hiyohiyo mdogo wangu wa kiume, anayeosha vyombo hotelini Denver kwa kima cha chini cha mji, kaona tangazo la kazi ya kusimamia lifti mlimani, vile viti vya kwenye kebo vinavyopandisha watu, dola 20 na kitu kwa saa. Nimepiga hesabu nikachoka. Lifti moja inabeba watu zaidi ya elfu mbili kwa saa, kila mmoja katoa 300, halafu anayewakalisha kwenye viti analipwa 20? Nyingine zinakwenda wapi? Ni wizi, au kuna jambo sijalielewa? Je, mdogo wangu aache kazi aende? Na huyu mtoto nimwambie nini?"

Marahaba, dada yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilicheka peke yangu, maana hesabu hiyo niliipiga na mimi, koleo mkononi, majira ya baridi ya kwanza niliyofanya kazi ya lifti. Nilikuwa kijana wa Karagwe ambaye theluji niliyoijua ni ile inayoganda kwenye friji. Baadaye nilihamishiwa ofisini, nikapanga zamu na bajeti za wafanyakazi kwa misimu 11. Kwa hiyo nimeiona hesabu yako ikiwa chini ya lifti, nikaiona tena ikiwa juu ya meza. Hujakosea kuona kuna kitu hakikai sawa. Umekosea tu mahali kilipo.

Kwanza tuirekebishe hesabu yenyewe. Tiketi ya lifti haikatwi kwa kila safari kama nauli ya daladala. Mtu akiingia asubuhi anapanda na kuteremka mpaka lifti zifungwe, kwenye saa 10 jioni, na mwenye miguu mizuri anapanda hata mara 15. Wale elfu mbili wa saa tatu asubuhi ndio walewale wa saa nne na wa saa tano. Hilo peke yake linaikata hesabu yako vipande vipande. Lakini kubwa kuliko hilo ni kwamba karibu hakuna mtu katika foleni ile aliyelipa dola 300.

Naomba uelewe hapa, kwa sababu mengine yote yanaanzia hapa. Bei uliyoiona inaitwa bei ya dirishani. Haikuwekwa ili watu wailipe. Imewekwa kama lile sanamu lililovikwa shati kuukuu shambani, ambalo kazi yake ni kuwatisha ndege waruke waende upande mwingine. Upande mwingine ni pasi ya msimu, inayouzwa tangu mwezi wa tatu, miezi minane kabla theluji haijaanguka, na ambayo mauzo yake kwa kawaida hufungwa mapema Desemba. Mwaka 2008 kampuni ya Vail Resorts ilitoa pasi iitwayo Epic kwa dola 579: ukiwa nayo unateleza msimu mzima katika milima yao yote. Mwaka 2018 washindani wao, Alterra, wakaja na ya kwao, Ikon. Leo Epic nzima ni zaidi kidogo ya dola 1,000. Fanya hesabu mpya sasa: anayekwenda siku 20 analipa kama dola 50 kwa siku. Anayekwenda siku nne tu tayari amelipa pungufu ya bei ya dirishani. Mimi na wewe, tunaotaka kujaribu siku moja tu, ndio tunaokutana na sanamu uso kwa uso.

Ukitaka ushahidi, chukua taarifa ambazo Vail Resorts huwapa wanahisa wao kila mwaka. Ukigawanya mapato ya lifti kwa idadi ya siku ambazo watu waliteleza, miaka hii ya karibuni unapata chini ya dola 100 kwa kichwa. Ushahidi wa pili uko Ulaya. Milima mikubwa ya Austria tiketi ya siku haifiki euro 90, na lifti zao nyingi zimejengwa na Doppelmayr, kampuni ya hukohuko Austria ambayo huleta lifti zake hata Colorado. Mashine ni ileile na wafanyakazi wa huko si wa bei ya chini. Kama dola 300 ingekuwa gharama ya kumpandisha mtu mlimani, Waaustria wangekuwa wamefilisika zamani. Nisiwapendelee lakini: kule ukiumia, mara nyingi uokoaji unalipia mwenyewe au bima yako, na mteremko ambao haukuandaliwa ni juu yako. Huku kikosi cha kukuokoa kimo ndani ya tiketi, na mlima mzima ndani ya mipaka yake ni wajibu wao kuukagua. Tofauti hiyo ina gharama, ila haifiki dola mia mbili.

Kwa nini wanataka tulipe mapema kiasi hicho? Kwetu Kagera kuna kitu kinaitwa butura: mkulima mwenye shida anauza kahawa ikiwa bado maua mtini, kwa bei ya kutupa, na mnunuzi anasubiri mavuno. Serikali imeipiga marufuku miaka na miaka, na bado ipo. Pasi ya ski ni butura iliyogeuzwa. Muuzaji ndiye tajiri, na anayebeba hatari ya mavuno mabaya ni mnunuzi. Theluji isipoanguka hela yako imeshaingia, na kukosa theluji si sababu ya kurudishiwa. Zamani msimu mkavu uliweza kuua mlima. Siku hizi Desemba ikiwa kavu meneja anaumia kichwa, lakini mishahara ya mwezi huo ilishalipiwa tangu mwezi wa tisa. Hapo ndipo bei ya tiketi na ajira vinapokutana, na ndiyo maana siwezi kukujibu swali la mdogo wako bila kulipitia hili.

Vail walipofungua mlima wao Desemba 1962, tiketi ilikuwa dola 5, ambazo kwa thamani ya leo ni kama 50. Walikuwa na kebo ya vibanda moja na lifti mbili za viti. Leo zipo zaidi ya 30. (Lifti ya viti yenyewe ina asili utakayoipenda. Mhandisi wa reli ya Union Pacific, Jim Curran, aliichora kwa ajili ya Sun Valley, Idaho, mwaka 1936, akikumbuka kebo zenye kulabu alizoziona nchi za joto zikipakia mikungu ya ndizi melini. Kila nikimkalisha tajiri kwenye kiti nilikuwa namwona ni mkungu.)

Sasa twende kwa wafanyakazi. Lifti moja ya kasi inataka watu kama watano kwa siku, ukihesabu chini, juu na wa kupokezana chakula. Tuseme dola 22 kwa saa, saa tisa: ni dola 990. Ongeza kodi na bima za mwajiri, tuseme 1,200. Lifti 20 ni dola 24,000 kwa siku. Najua unachosema sasa: "Ahaa! Tiketi 80 tu za dola 300 zimeshawalipa wote!" Kweli kabisa. Waendesha lifti si gharama kubwa ya mlima, na yeyote atakayekwambia tiketi imepanda kwa sababu ya mishahara yao, mwombe akuoneshe hesabu.

Gharama kubwa ni watu usiowaona. Ukiwa umelala, matingatinga ya kusawazisha theluji yanapanda na kushuka usiku kucha, na moja tu ni mamia ya maelfu ya dola. Kuanzia mwezi wa kumi kuna kikosi cha mizinga ya theluji, wanaosukuma maji na hewa yenye mgandamizo milimani saa nane za usiku, kwa sababu theluji ya kutengeneza haikubali mpaka baridi ishuke nyuzi mbili hivi chini ya sifuri, na hewa iwe kavu. Kufunika ekari moja kwa sentimita 30 kunataka lita 600,000 na zaidi za maji. Alfajiri kikosi cha doria kinatangulia na baruti kuporomosha maporomoko ya theluji kabla yenu hamjafika. Mafundi wa kebo wanafanya kazi hata Julai. Kuna madereva wa mabasi, wapishi, walimu, wanaokagua tiketi, mawakili, bima, umeme na mkopo wa lifti mpya. Karibu wote hao wanalipwa iwe mmekuja watu 500 au watu 15,000, na siku za kuuza ni kama 150 tu kwa mwaka. Mlima ukishafunguliwa, mgeni mmoja wa ziada hauongezei gharama ya maana. Anaongeza foleni.

Ardhi? Hiyo wamepata kwa bei nafuu mno. Zaidi ya milima 120 ya ski Marekani iko kwenye misitu ya taifa, Vail ikiwemo, na ada wanayolipa serikali ni kati ya asilimia 1.5 na 4 ya mapato husika. Hapo hasira yako ina haki. Ule mlima ni wako kama ulivyo wa mwingine yeyote anayelipa kodi Aurora.

Na faida je? Mwaka wa fedha wa 2024 Vail Resorts waliingiza karibu dola bilioni 2.9, na faida halisi ikabaki karibu milioni 230, yaani senti nane hivi katika kila dola. Si biashara ya kunyonya damu kama watu wanavyodhani. Lakini mwaka huohuo gawio walilolipwa wanahisa lilizidi faida hiyo. Kwa hiyo anayesema "hela ya kuongeza mshahara haipo" anasema ukweli nusu. Ipo, imepewa mwingine kwanza. Wizi ni neno la mahakamani, sitalitumia. Mimi nasema ni uchaguzi, na waliouchagua wanajulikana.

Uchaguzi huo una historia fupi ambayo mdogo wako aijue. Machi 2021 Vail Resorts walipunguza bei ya pasi kwa asilimia 20, Epic ikatoka dola 979 ikawa 783. Watu wakanunua kama karanga. Lakini mlimani wafanyakazi hawakuwepo. Mwaka mmoja kabla, amri ya rais ilikuwa imezuia viza za kazi za msimu, pamoja na zile za J-1 zinazoleta wanafunzi wa vyuo kutoka Argentina, Peru na kwingineko kusini, ambao likizo yao ndefu inaangukia baridi yetu. Viza ziliporuhusiwa tena, nyumba za milimani zilikuwa zimeshachukuliwa na watu wa mijini wanaofanya kazi kwa kompyuta. Msimu wa 2021/22 ukawa aibu: pasi zimejaa, lifti zimefungwa kwa kukosa mtu wa kuzisimamia. Kule Stevens Pass, mlima wao wa jimbo la Washington, wateja wenye hasira walitia saini malalamiko kwa makumi ya maelfu. Machi 2022 kampuni ikatangaza kima cha chini cha dola 20 kwa saa. Tangazo analolisoma mdogo wako leo lilizaliwa na aibu ile, si na huruma.

Kisha likaja la Park City, Utah, mlima wao mwingine. Desemba 27, 2024, wiki yenye watu wengi kuliko zote, kikosi cha doria cha watu 200 hivi kiligoma. Dai lao kuu: mshahara wa kuanzia utoke dola 21 ufike 23. Dola mbili! Hawa ndio wanaobeba baruti alfajiri na kukushusha ukivunjika mguu. Bila wao mlima haufunguki, kwa hiyo sehemu kubwa ya Park City ilibaki imefungwa huku watu waliosafiri nusu ya Marekani wakisimama foleni saa nzima na zaidi. Siku ya 13 wakapata zile mbili, na wakongwe wakapata zaidi. Nilikuwa nimeshaacha kazi ya bajeti wakati huo, lakini nakwambia hakuna mwaka niliowahi kuona gharama ya kukosa wafanyakazi ikiandikwa kwenye karatasi. Gharama ya kuwalipa iliandikwa kila Jumatatu.

Umefikiri pia, nadhani, kwamba wageni wa viza wanaletwa ili wawe wa bei ya chini. Si hivyo moja kwa moja. Mwanafunzi wa J-1 analipwa kima kilekile cha mwenzake wa Colorado. Analetwa kwa sababu atakaa mpaka mwisho wa msimu, hana shangazi wa kumwita harusini Februari, na atakubali kulala wanne chumba kimoja. Tatizo la milima hii ni kitanda kuliko mshahara. Nyumba za Vail, Breckenridge na Park City ni za kupangisha wageni kwa usiku au za matajiri wanaokuja wiki mbili kwa mwaka. Mji wa Vail umefika mahali pa kuwalipa wenye nyumba fedha taslimu ili waandike kwenye hati kwamba nyumba ile itakaliwa na mfanyakazi wa eneo hilo daima. Serikali ya mji haifanyi hivyo mpaka maji yafike shingoni.

Basi, mtoto. Kabla ya yote, jambo moja la afya ambalo mabango ya ski hayaandiki. Milima hii iko juu sana. Loveland, ambao ni karibu na nyinyi, hata chini pa kuegesha gari ni zaidi ya mita 3,200. Kama mwanao yeyote ana selimundu (sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi), usimpeleke kabla hajaonana na daktari wake ana kwa ana. Hewa nyembamba pamoja na baridi vinaweza kumletea maumivu makali na hatari. Hata mwenye kubeba nusu ya selimundu, asiyeugua siku zote, wengu wake umewahi kuleta shida mwinuko kama huo. Katika watu wetu wa Kivu na Tanganyika hili si jambo la nadra, na wapo ambao hawajawahi kupimwa. Kipimo ni cha damu tu. Mimi si daktari, ndiyo maana nakutuma kwake.

Kama yuko salama, basi una bahati ya darasa lake. Vail Resorts wana mpango wa watoto wa Colorado, kuanzia chekechea hadi darasa la tano, unaowapa siku kadhaa za lifti bure katika milima yao ya jimbo hili. Chama cha milima mingine, Colorado Ski Country USA, nacho kina pasi ya watoto kuanzia darasa la tatu hadi la sita kwa ada ndogo. Yote miwili ina tarehe ya mwisho ya kujiandikisha, na watu wetu wanasikia habari hizi Januari, ikiwa imekwisha. Weka alama kwenye kalenda ya Septemba uulize. Wewe mwenyewe huhitaji tiketi yoyote kukaa chini ya mlima na chupa yako ya chai. Hakuna geti.

Siku ya kwanza asipelekwe Vail. Mtoto anayeanza anashinda kwenye kamteremko kasichozidi uwanja wa mpira, akipandishwa na mkanda unaotembea, na kamteremko ka Vail hakana utamu wowote kushinda ka Loveland Valley. Unachotakiwa kununua siku hiyo ni mwalimu, si mlima. Tafuta kifurushi cha wanaoanza chenye somo, vifaa na tiketi ya eneo dogo kwa pamoja. Ukivinunua kimoja kimoja, hapo ndipo pa kuumia. Suruali ya theluji na glavu tafuta madukani kwa mitumba. Watoto wa Denver hukua kila mwaka na nguo zao zinabaki mpya. Jinzi usimvalishe hata kwa dakika tano, ikilowa amekwisha. Na usiendeshe gari barabara ya I-70 Jumamosi asubuhi kama hujazoea barafu. Kuna basi la jimbo, Snowstang, linaloondoka Denver wikiendi za majira ya baridi na kupita Loveland.

Na kama mwaka huu hela haipo, haipo. Kilima cha bustani ya Ruby Hill, Denver, kinateleza vizuri kwa kibao cha plastiki, na ni bure. Fraser, mji mdogo wa milimani, kuna mteremko wa kutelezea juu ya mipira ya hewa kama ya tairi, ambao watoto wangu waliupenda kuliko ski yenyewe, jambo lililoniuma kidogo kwa kazi niliyokuwa nikifanya. Siku mkipata gari la watu wenye moyo, Steamboat Springs wana kilima kinachomilikiwa na mji, Howelsen, kimefanya kazi tangu 1915, na Jumapili za msimu lifti imekuwa bure. Mwambie mwanao pia habari ya Sabrina Simader, aliyezaliwa Kilifi, akakulia Austria, na mwaka 2018 akaivalia Kenya jezi ya ski kwenye Olimpiki ya Korea Kusini. Akiwaeleza wenzake darasani, wiki hiyo atakuwa mwalimu.

Mdogo wako sasa. Kima cha chini cha Denver mwaka 2025 kilikuwa dola 18.81. Kwa kima hicho, mlimani akianza kwa 20, anaongeza dola 1.19 kwa saa, yaani karibu dola 48 kwa wiki ya saa 40, kabla ya kodi. Hiyo si pesa ya kumhamisha mtu mzima. Kinachoweza kumhamisha ni vingine: pasi ya bure ambayo wengine wanalipia zaidi ya dola elfu, jina la mwajiri mkubwa kwenye barua, ufundi. Kama ana mikono ya ufundi, aombe lifti akiwa na jicho kwenye karakana. Fundi wa kebo anafanya kazi mwaka mzima, na mafundi hao hawatoshi. Niliwaona vijana watatu wakipita njia hiyo, na wote leo wana nyumba. Nimeona pia wengi waliorudi mjini Aprili wakiwa na deni kubwa kuliko walivyokwenda.

Kilichowaangusha hawa wa mwisho ni saa. Tangazo linasema dola kwa saa, halisemi saa ngapi. Msimu wangu wa pili, theluji ilichelewa, tukaambiwa tusubiri chumbani. Siku tisa. Kodi ya kitanda ilikatwa kwenye mshahara kama kawaida, na mshahara haukuwepo wa kukatwa, kwa hiyo ikawa deni. Saa za ziada nazo asizihesabu kwa mazoea ya hotelini, kwa sababu kazi za ski zina vifungu vyake katika sheria za Colorado. Aulize wazi saa ya 41 inalipwaje. Mkataba wa nyumba ausome na mtu anayejua Kiingereza cha mikataba, hasa kifungu kinachosema ukiacha kazi au ukiachishwa unatoka baada ya siku ngapi. Akiwa tayari yuko wilaya ya Summit, huko milimani, pale Silverthorne kuna Family & Intercultural Resource Center, wamezoea kusaidia wafanyakazi wahamiaji, na Waafrika Magharibi waliotangulia kule watamweleza mengine ambayo hayajaandikwa. Kama kibali chake cha kazi kinakaribia kuisha, amwone wakili wa uhamiaji huku mjini kabla hajapanda. Kule juu kumpata ni kazi, na barua zinapotea.

Hoteli asiiache kwa simu ya usaili tu. Apate kwanza kwa maandishi mambo matatu: kitanda kiko wapi na ni kiasi gani, saa za chini anazohakikishiwa kwa wiki, na nini kinatokea kwa kodi ya kitanda theluji isipoanguka. Wakimjibu kwa karatasi, aende akaombe likizo bila malipo kwanza, sio kuacha kazi, kama bosi wake ni mtu wa kusikia. Wakimjibu "tutaona ukifika", abaki na vyombo vyake mpaka watakapokuwa wameona.